Nilimsitiri au Nilimkana?

Mama yule alikuja siku ya mgao, saa ambayo watu wengi wako kwenye foleni na banda la kikundi chetu liko tupu. Alikuwa amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayekwenda kuonana na mkubwa. Nilimpa kiti, hakukaa. Akasema, "Mwalimu, weye ndiye unashinda na mtoto wangu. Uniambie ya kweli. Ile wanasema juu yake, ni kweli?"

Mimi si mwalimu. Nilimaliza Form Four, nikapata kazi ya insentifu kwenye kikundi cha wasichana: kusoma, kushona, mpira, na mazungumzo ya alasiri. Lakini kina mama wa Kikongo wakikuona na daftari mkononi, umekuwa mwalimu, na mwalimu akiulizwa anatakiwa kujibu. Nilijibu hivi: "Hapana, mama. Wale ni marafiki tu. Na mimi mwenyewe siwezi kukubali mambo kama hayo kwenye kikundi changu."

Mama akashusha pumzi. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake.

Binti yake, ambaye ana miaka 19 na hunisaidia na wale wadogo, alikuwa nyuma ya ukuta wa mabati anaosha sufuria za uji. Mabati hayazuii kitu. Jioni, tulipobaki wawili tunafunga banda, aliniuliza bila kupandisha sauti: "Yaya, leo umenisitiri ama umenikana?"

(Wakenya wakisikia "yaya" wanafikiri ni mfanyakazi wa nyumbani. Kwetu ni dada mkubwa. Alikuwa ananiuliza kama dada.)

Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa kwenye semina. Naliandika humu kwa sababu tumezoea kuandika makosa ya watu wengine, ya mashirika, ya serikali, ya wazee, na mi pia nimeyaandika sana. Hili ni langu.

Kwanza niseme nisichosema. Sitataja bloku, wala kabila la mtu, wala mwaka. Kakuma na Kalobeyei tuko zaidi ya watu laki mbili, lakini hii laki mbili ina masikio ya kijiji. Binti ameusoma ukurasa huu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nitaeleza mwishoni ilivyokwenda.

Kilichomleta mama ni vidio. Haifiki hata sekunde ishirini. Wasichana wawili wako mbele ya saluni, mmoja anamsuka mwenzake, halafu anayesukwa anaegemeza kichwa kwenye goti la mwenzake na kufumba macho. Basi. Ukiiona bila maneno, utaona kitu unachokiona kila Jumamosi katika kila bloku: msichana anasukwa, amechoka, jua kali. Ila aliyeituma kwenye kundi la WhatsApp aliandika maneno juu yake, na emoji tatu za kicheko. Maneno yale ndiyo yaliyoifanya kuwa vidio. Watu waliitazama tena na tena wakitafuta ndani yake kile walichokwisha kuambiwa kwamba kimo, na mtu akitafuta hivyo hakosi. Ndani ya siku mbili iliingia makundi ya kanisa, ya wachezaji mpira, ya watu wa nyumbani ambao wako Kigoma na Nairobi. Nilimwona mzee ambaye hana hata simu akieleza iliyomo.

Na sasa niseme jambo ambalo lingekuwa rahisi kulikwepa. Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Binti mwenyewe aliniambia hivyo, miezi mingi kabla ya vidio, siku tukitembea kando ya laga. Hakuniambia kama mtu anayeungama. Aliniambia kama mtu anayekupa kitu umshikie kidogo wakati anafunga kamba ya kiatu. Kwa hiyo mama yake aliponiuliza, nilikuwa najua. Nilisema hapana nikijua.

Neno kusitiri nilikutana nalo shuleni hapa Kenya. Kwetu Uvira bibi yangu alikuwa anasema tu, "Ufunike mwenzako." Lakini kitu chenyewe nilikijua kabla ya kulijua neno, maana msichana hulelewa ndani yake. Mwaka wangu wa kwanza wa hedhi, mama alinifundisha kuanika vitambaa chini ya kitenge kingine, vipate hewa bila kuonekana. Niliona ni ujanja tu, kama wa kuficha sukari. Baadaye nilianza kuona kwamba usichana mwingi ni kujua kipi kinaanikwa juu ya kamba na kipi kinaanikwa chini yake. Ukienda choo cha bloku usiku, kitenge begani hata kama joto linaua. Ukipewa sodo, mfuko mweusi. Ukicheka, usioneshe meno yote mbele ya wajomba. Wavulana waliozaliwa mwaka mmoja na mimi hawakufundishwa haya, na sijui kama wanajua kwamba sisi tulifundishwa.

Lakini sitaki kuisema vibaya sitara, kama wanavyofanya wageni wanaokuja na mafunzo ya siku tatu. Sitara imetulisha. Kadi ya mgao ya jirani ilipofungwa kwa sababu ya kosa la jina, mama yangu alikuwa ananituma jioni na sahani chini ya kitambaa, na kopo mkononi, ili atakayeniona afikiri nakwenda kuomba makaa ya moto. Watoto wa pale hawakuwahi kuchekwa kwamba wanalishwa na sisi. Miaka mingapi sasa, na hata leo simtaji. Hiyo ni adabu ya hali ya juu, na hakuna fomu ya shirika inayoweza kuifanya. Fomu ingeandika "familia yenye uhitaji" na kuibandika mlangoni.

Tena neno hilohilo nimelisikia likifanya kazi nyingine. Msichana mmoja aliyefanyiwa ubaya njiani akitoka kutafuta kuni, wazee walikaa chini ya mti wakasema, "Tumsitiri mtoto." Pesa zilitolewa, zikapokelewa. Mwanamume yule aliendelea kunywa chai kwenye hoteli ileile, kiti kilekile. Msichana ndiye aliyeacha shule, kwa sababu barabara ya kwenda shuleni inapita mbele ya hoteli. Nani alifunikwa pale? Kitambaa walikitandika juu ya mtoto kwa jina tu. Aliyekuwa chini yake ni mtu mzima, pamoja na kiti chake.

Kwa hiyo swali la binti halikuwa la kucheza na maneno. Alikuwa ananiuliza: kile kitambaa ulichokitoa leo, umemtandikia nani?

Nilijaribu kwanza kujitetea kwa vitabu. Niliwahi kuchukua kozi ya mtandaoni, kompyuta moja watu wanne, na humo tulisomeshwa habari za Immanuel Kant, Mjerumani wa Königsberg. Mwaka 1797 aliandika kumjibu mwandishi wa Kifaransa, Benjamin Constant, juu ya swali hili: muuaji amekuja mlangoni kwako anamtafuta rafiki yako uliyemficha ndani, je, unaruhusiwa kumdanganya? Kant akasema hapana. Uongo ni kosa hata mbele ya muuaji, kwa sababu ukishaanza kuamua nani anastahili ukweli na nani hastahili, umeharibu kitu ambacho watu wote wanakitegemea wanapozungumza. Darasa zima tulicheka. Mvulana mmoja kutoka Sudan Kusini alisema, "Huyu mzee hajawahi kugongewa mlango." Hata sasa naona alisema kweli. Sisi humu tuko hai kwa sababu ya watu waliosema "hawako hapa." Kuna mwanamke mmoja, upande wa Fizi, aliyewaambia watu wenye bunduki kwamba nyumba yake haina mtu, na sisi tulikuwa chini ya kitanda. Kama angekuwa mfuasi wa Kant, nisingekuwa na mkono wa kuandikia.

Na Biblia iko upande wa yule mwanamke. Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi juu ya paa chini ya mabua ya kitani, akawaambia watu wa mfalme kwamba wameshatoka. Wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, walimdanganya Farao usoni. Hakuna mahali wanapokemewa. Basi nikajiambia: nimefanya kama Rahabu, usiku mwema.

Nilipomweleza binti hivyo, alifikiri kidogo akasema, "Na Petro?"

Anasoma Biblia kuliko mimi, niwaambie. Petro naye alisema uongo juu ya mtu. Alikuwa anaota moto uani, mjakazi akamuuliza kama yeye ni mmoja wa wale, akasema simjui mtu huyo. Ukiangalia maneno peke yake, Rahabu na Petro wamefanya jambo moja: wameulizwa habari za mtu, wamesema kisicho kweli. Lakini mmoja anasifiwa na mwingine alitoka nje akalia sana. Tofauti si ukubwa wa uongo, maana wa Rahabu ulikuwa mkubwa zaidi, una mpaka na maelezo ya njia. Tofauti naiona hapa: Rahabu aliposema, hatari ilitoka kwa wapelelezi ikaja juu yake yeye mwenye nyumba. Petro aliposema, hatari ilimtoka yeye, na yule aliyekuwa ndani akihukumiwa akabaki peke yake.

Sasa rudini kwenye jibu langu kwa mama. Lina sehemu mbili. "Hapana, mama, wale ni marafiki tu." Hiyo, nikitazama kwa haki, inaweza kuwa ya Rahabu. Mama angekuja kujua nilimdanganya, angeniijia mimi. Lakini kisha nikaongeza: "Na mimi mwenyewe siwezi kukubali mambo kama hayo kwenye kikundi changu." Nani aliniuliza hilo? Mama hakuuliza mimi nakubali nini. Aliuliza habari za mtoto wake. Ile sentensi ya pili haikumfunika binti hata kidole. Ilinifunika mimi: mkataba wangu ambao ulikuwa unamalizika mwezi uleule, jina langu kanisani, na yale macho ambayo watu wangenitazama nayo wakisema, kumbe na huyu dada anayewafundisha! Niliota moto, nikanyoosha mikono yangu.

Na hiyo ya pili ndiyo binti aliyoisikia kupitia mabati. Ya kwanza alikuwa tayari kuisamehe, alisema hivyo waziwazi. "Ya kwanza hata mi ningeisema," aliniambia. Ya pili ilimwambia kwamba siku anayofukuzwa nyumbani, mlango wa kikundi pia umefungwa, na aliyeufunga ni yule aliyekuwa ameshika ufunguo wake.

Mtu mmoja niliyempa kisa hiki, mfanyakazi mwenzangu, alinitetea. Alisema, ungesema vinginevyo wazazi wangewatoa watoto wote, kikundi kingekufa, wasichana wengine wangerudi kukaa nyumbani. Ni hoja nzito. Wazazi hawahitaji sababu kubwa ya kumtoa msichana mahali, na akishatoka anafuata ndoo, halafu ndoa. Mi ningependa sana kusema kwamba niliwawaza hao wengine. Lakini sikuwawaza. Niliwakumbuka baadaye, usiku, nilipokuwa natafuta utetezi, na kitu ulichokikumbuka baadaye hakiwezi kuwa sababu ya ulichokifanya mchana.

Kuna jambo lingine ambalo Kant na muuaji wake wameniharibia. Kwenye mfano wao, anayegonga ni muuaji. Kwangu alikuwa mama. Nilimweka mama yule kwenye nafasi ya mtu mwenye panga kabla hajafungua mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mzazi mwingine, katika sehemu nyingine ya kambi, akitupa godoro na nguo za kijana wake barabarani huku watu wanapiga picha. Nilifikiri wazazi wote ni yule. Sijui huyu angefanya nini. Alikuja siku ambayo hakuna watu. Mtu anayetaka kumwaibisha mtoto wake hachagui saa kama hiyo. Alijifunga vitenge viwili. Huenda alitaka kuambiwa hapana, ili apate la kuwajibu wenzake kisimani. Huenda alitaka kuambiwa ndiyo, ili aanze kujifunza kuishi nalo. Kwa kumjibu haraka vile, nilimnyima hata nafasi ya kuonyesha yeye ni nani. Ningeweza kumwambia, "Mama, hilo muulize mwenyewe, na mi nitakaa naye ukimuuliza." Maneno machache tu. Hayana uongo, na hayamtoi mtu nje. Yamenijia wiki tatu baadaye nikiteka maji.

Ninyi mnaovaa vesti zenye nembo, najua baadhi yenu mnasoma jarida hili. Mtasema jibu ni rahisi, ni usiri: siri ya mtu haitolewi bila ridhaa yake, iko ukutani kwenye bango. Sawa. Lakini usiri wenu una mlango mmoja tu, na binti wa namna hii anasimama kati ya milango miwili. Huku bloku, ili aishi, anatakiwa asiseme. Kule ofisini, ili asaidiwe, anatakiwa aseme, na aseme vizuri, kwa tarehe, na majina, na lini alijijua, na hadithi isipishane na ya mara ya kwanza. Amefundishwa tangu utoto kuanika chini ya kitenge, halafu asubuhi moja anaambiwa atoe kila kitu akitandaze mezani, na akisitasita inaonekana kama hasemi kweli. Na mkalimani aliyekaa pembeni yake anaweza kuwa mtu wanayesali naye kanisa moja. Namjua mtu aliyeingia kwenye intavyuu, akamwona mkalimani, akaeleza habari ya shamba na mipaka, yote ya kweli, akaacha ile iliyomfukuza. Alitoka na faili ya mtu mwingine.

Swali hili la kujificha limefika hata kwenye mahakama za mbali. Uingereza walikuwa na tabia ya kumwambia mtu wa namna hii: rudi kwenu, ukae kwa busara, usijioneshe, hutapata tabu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ilisikiliza kesi ya wanaume wawili, mmoja wa Iran na mmoja wa Kameruni, ikasema hapana: mtu anayelazimika kuishi amejificha kwa hofu ya mateso, kule kujificha hakumfanyi kuwa salama. Mwaka 2012 UNHCR nao wakaandika katika miongozo yao kwamba mtu asinyimwe ulinzi kwa hoja kwamba angeweza kuficha alivyo. Nilipoyasoma haya nilifurahi, halafu nikacheka. Kwa sababu akishapata barua inayosema hapaswi kulazimika kujificha, anarudi nayo Kakuma, na jambo la kwanza analofanya ni kuificha barua.

Sheria zenyewe zinabadilika chini ya miguu ya mtu anayetembea. Kongo, sheria ya adhabu haina kifungu kinacholitaja jambo hili kwa jina. Kazi ya kuadhibu wameachiwa majirani. Ukivuka Burundi, ni kosa tangu 2009. Uganda iliongeza ukali 2023, mpaka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Hapa Kenya kipo kifungu cha 162 chenye kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Hata hivyo Kenya ndiko wanakokimbilia wengine kutoka pande hizo. Mtu huyohuyo, mwili uleule, hajaongeza wala kupunguza kitu, na kila mpaka unampa jina lingine. Wakati sisi wengine tunauliza nyumbani ni wapi kwa maana ya vita na mashamba, wao wanauliza pia kwa maana hii, na hata nchi yao ikipata amani kesho, kwao swali litabaki palepale.

Majina nayo! Binti hapendi hata moja kati ya yale tuliyonayo. "Msagaji" ni tusi. "Eljibiti", kama watu wanavyotamka humu, ni kama jina la shirika. "Shoga" ndilo linanishangaza: huku bara ukimwita mtu hivyo umemtukana, lakini wanawake wa pwani wanamwita hivyo rafiki wa kike wa moyoni, anayemjua mpaka mambo ya jikoni. Neno moja, basi la siku moja kati yake.

Wanuri Kahiu, Mkenya, alichagua neno la upole kabisa. Filamu yake juu ya wasichana wawili wa Nairobi aliiita Rafiki. Ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia tamasha la Cannes, na mwaka huohuo Bodi ya Filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Mahakama ilifungua mlango kwa siku saba mwezi wa Septemba, watu wakajaa kumbi za Nairobi, ukafungwa tena. Humu kambini tuliijua kwa kelele zake za redioni, kwenye vibanda vya video tuliendelea na DJ Afro na ngumi zake. Lakini jambo moja juu yake limenikaa kichwani. Kahiu mwenyewe alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe. Mwisho ulikuwa na tumaini mno. Kama msichana angejuta, yaani angeonekana ameona kosa lake, ingekuwa rahisi zaidi kuipitisha.

Nilipolifahamu hilo nililitambua mara moja. Walikuwa wanaomba ile sentensi ya pili. Filamu iko tayari, wasichana wamo, picha zimo, ila iongezwe sentensi inayosema "na sisi wenyewe hatukubali mambo kama hayo," kila mtu alale vizuri. Bodi iliiomba. Mimi nilijitolea bila kuombwa.

Mama amekuja tena mara kadhaa tangu siku ile, kuuliza habari za cherehani, kumleta mdogo wake binti. Ananisalimia kwa heshima, hajarudia swali. Mi sijamwambia kwamba nilimdanganya, kwa sababu siwezi kumwambia hilo bila kumwambia na lile lingine, ambalo si langu. Kwa hiyo uongo wangu umekaa pale kati yetu kila anaponiita mwalimu. Ile sentensi ya pili, hata hivyo, ilikuwa yangu, na niliweza kuifuta. Siku moja alipokaa nilimwambia, "Mama, siku ile nilisema kuna watoto nisingeweza kuwakubali kwenye kikundi. Sikusema vizuri. Sina mtoto nisiyemkubali." Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Haya," akauliza bei ya uzi.

Ukurasa huu niliuandika kwenye simu, nikampa binti ausome. Alikaa kwenye benchi la nje, akasoma polepole, akiwa anapandisha kwa kidole gumba. Akaniita.

"Hapa umeandika jina la saluni. Toa."

Nikatoa.

"Hapa umesema nililia. Sikulia."

Nilikuwa na hakika alilia. Nikatoa.

Akaendelea mpaka mwisho, akarudi juu, akashuka tena. "Na hapa umeandika kwamba nimekusamehe yote."

"Si ulisema ungeisema hata wewe?"

"Ile ya kwanza," alisema. "Ya pili sijasema kitu."

Nikaifuta ile mistari, yeye akiangalia, akanirudishia simu akaenda kuwafungulia wadogo.